Feni la bibi

Jirani yangu wa uani anafuga jogoo asiyejua saa. Wenzake huwika kunapopambazuka. Huyu huanza saa saba usiku, akanyamaza, akarudi saa tisa, na alfajiri yenyewe inapofika sauti imeshamkauka. Ratiba yake naijua kuliko anayemfuga, kwa sababu ninayo ndani ya kompyuta. Karibu kila faili nililorekodi chumbani kwangu, Temeke, lina mahali nimeweka alama ya herufi J, na kila J ni jogoo.

Sina studio. Nina chumba cha mita tatu kwa tatu na nusu, bati juu bila dari, dirisha la nondo linalotazama uani, meza moja na kabati la nguo. Humo ndimo ninamorekodi sauti za watu: wazee wanaosimulia maisha yao, mwalimu anayesoma hadithi kwa ajili ya wanafunzi wake, na siku moja kijana aliyetaka tangazo la duka la magodoro, akaishia kulisoma akiwa amekalia bidhaa yenyewe.

Vifaa havijazi meza. Laptop ya mkono wa pili, maiki moja, kisanduku kidogo cha kuunganisha maiki na kompyuta kwa waya wa USB, na hedifoni za kufunika sikio zima. Programu ni Audacity, iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, na ni ya bure mpaka leo. Watu wa redio wa rika langu wengi walilelewa na Cool Edit. Kampuni ya Adobe iliinunua mwaka 2003 ikaibatiza Audition, lakini wapo wanaoendelea kuiita kwa jina la utotoni, kama tunavyowaita watu wazima wenye wajukuu "Kadogoo".

Wanaokuja kwangu huuliza kwanza maiki ni ya shilingi ngapi. Ukuta hakuna anayeuuliza.

Na ukuta ndiyo kazi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ukizungumza katika chumba kama changu, neno linatoka mdomoni, linafika kwenye maiki, halafu linafika tena likitokea ukutani, tena likitokea kwenye bati, tena likitokea sakafuni, kila safari ikichelewa sehemu chache za elfu za sekunde. Sikio halizihesabu safari hizo, ila linazijua. Ndiyo maana ukisikia mtu karekodi chooni unajua ni chooni hata kama hakukwambia. Vigae ni vibaya, saruji tupu ni mbaya, kioo ni kibaya. Godoro, blanketi zito na kabati lililojaa nguo ni watu wema. Kanga moja iliyotundikwa ukutani haisaidii kitu, nilijaribu. Kitambaa kinataka uzito, na kinataka kisigandane na ukuta, kiachiwe nafasi kama ya shubiri. Hata hivyo blanketi hunasa sauti nyembamba tu. Mngurumo wa lori la mchanga linalopita barabarani unapita kwenye blanketi kama halipo, maana wimbi la mtetemo wa hezi 100 lina urefu wa zaidi ya mita tatu.

Mwaka 2020, dunia ilipofungiwa ndani, watangazaji wa BBC waliosoma habari majumbani mwao walikuwa wakijifunika mashuka na mablanketi kichwani. Nilifarijika sana. Mimi nilikuwa nimeshaanza kudhani ni umaskini.

Shubiri hiyohiyo ndiyo kipimo changu cha maiki: kidole gumba mdomoni, kidole cha mwisho kwenye maiki. Ukimsogeza msemaji mara mbili ya umbali huo, sauti yake inashuka kwa desibeli sita, lakini kelele za chumba zinabaki palepale. Unalazimika kupandisha kila kitu, na ukipandisha kila kitu umempandisha na jogoo.

Mvua ya masika ikigonga bati, funga kompyuta ukalale.

Miaka michache iliyopita bibi yangu alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho, akakaa nami wiki sita. Ni mtu wa Pangani. Baba yake alifanya kazi ya mkonge ng'ambo ya mto, upande wa Kikogwe, huko ambako mkonge wa kwanza nchini ulipandwa mwaka 1893, Wajerumani walipouleta. Nilimwomba asimulie. Faili la kwanza linaanza hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hicho kidude kimeshawaka?"

Ilikuwa Februari. Wanaoijua Februari ya Dar ndani ya chumba cha bati hawahitaji maelezo. Nilizima feni kama nifanyavyo siku zote, nikafunga dirisha, nikavuta blanketi. Dakika ya nne bibi akasimama. "Mume wangu, unataka hadithi au unataka maiti?" Nikawasha feni. Ni feni la mezani, kongwe, linalozunguka kichwa kushoto na kulia, na kila likifika upande wa mlango linatoa mlio, tk-tk, kama mtu anayefyonza meno. Sikuwa na la kufanya. Tukaendelea nalo.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu, na ni la kuweka kiwango. Kompyuta husikiliza kwa kuhesabu: kila sekunde inaipima sauti mara 44,100, na kila kipimo inakipa namba. Idadi hiyo haikuokotwa. Sikio zima husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde, na kanuni ya kihandisi inadai upime zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaotaka kuuhifadhi. Namba zenyewe zina dari yake. Kwa biti 16 kuna ngazi 65,536. Kwa biti 24 zinapita milioni 16. Lakini ngazi zikiwa nyingi kiasi gani, ya juu kabisa ni moja, na sauti ikiigonga haina pa kwenda. Tepu ya zamani ikizidiwa ilikuwa ikijipinda, sauti ikachafuka kidogo, pengine hata ikanoga. Kompyuta hukata. Ukivuta wimbi karibu kwenye skrini utaona vilele vimekuwa bapa, kama mtu mrefu aliyepitishwa mlango mfupi kwa lazima, na kichwa kilichobaki nje hakirudishwi.

Bibi husimulia kwa kunong'ona. Nikapandisha kiwango kufuata mnong'ono. Alipofika kwenye kisa cha karani wa shamba aliyetumbukia mtoni na daftari lake la mishahara, akacheka, na bibi akicheka hucheka kwa mwili mzima. Vilele vyote bapa. Kisa kizuri kuliko vyote alivyosimulia kina kicheko kinachopasuka kama redio ya basi. Siku hizi kabla sijarekodi mzee yeyote humchekesha kwanza. Nikipata kicheko chake, naweka kiwango kifikie desibeli 12 hivi chini ya dari, ndipo naanza maswali.

Kuhariri nilidhani ni kukata. Unaona wimbi kwenye skrini, panapovimba mtu anasema, panapolala amenyamaza. Kata palipolala, unganisha, kazi imekwisha. Vitabu vya mwanzo nilivyosoma vya ufundi huu viliandikwa na watu wanaosema Kiingereza, na vyote vilisisitiza kitu kimoja: tumia lango. Lango ni kazi ndani ya programu inayofunga sauti yote ikishuka chini ya kiwango ulichopanga, na kuifungua tena mtu anaposema. Kelele za chumba hukatika kabisa kati ya sentensi na sentensi. Nikaweka lango kwenye faili la bibi, nikavaa hedifoni, nikasikiliza.

"Zee wangu," akasema bibi. Kimya. "Konge aliukata." Kimya. "Paka mikono ikaota sugu."

Nilirudia mara tatu. Bibi yangu, aliyemheshimu baba yake mpaka kaburini, anamwita zee! Na paka ameingiaje?

Ni M. Ile M inayoanza maneno yetu mengi, ya mzee, ya mkonge, ya mpaka, hutamkwa midomo ikiwa imefungwa na sauti ikitokea puani. Ni silabi kamili, sikio la Mswahili linaihesabu, shairi linaihesabu, lakini kwenye skrini inaonekana mstari mwembamba unaotetemeka, karibu sawa na kelele ya feni. Lango halikuijua. Likaiona ni kimya, likaifungia nje, likafungua pale Z ilipoanza. N nayo ina balaa hilohilo: nne ikawa ne, nchi ikawa chi. Tangu siku hiyo lango silitumii kwa sauti ya mtu anayesema Kiswahili, na nikikata kwa mkono kabla ya M huacha nafasi ya kutosha, hata kama jicho linaniambia hapo hapana kitu. Jicho la kuhariri sauti ni la kulishuku. Namwonya kila kijana anayekuja kujifunza kwangu: kabla hujakata, fumba macho usikilize.

Skrini hiyohiyo, kwa upande mwingine, ilinifunza kitu nilichokuwa nacho nyumbani siku zote nisikione. Bibi alitaja paa mara mbili katika kisa kimoja, paa la nyumba na paa mnyama. Mimi mtoto wa Temeke nayatamka sawasawa. Kwake yeye, P ya mnyama hutoka na pumzi, inakupuliza. Ya nyumba ni kavu. Nilivuta mawimbi hayo mawili karibu nikayapanga moja juu ya jingine. Kwenye paa wa porini, kabla ya irabu kuanza, palikuwa na kichaka cha mistari mifupi, ile pumzi yenyewe, ikichukua sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye paa la nyumba kichaka hakipo. Tahajia yetu inaandika maneno hayo kwa herufi zilezile, na kamusi nyingi zinanyamaza. Nilipomweleza alinitazama kwa huruma. "Sasa wewe ulikuwa unawatofautisha vipi?"

Pumzi hiyo, kwa wanaorekodi, ina ubaya wake: ikigonga maiki uso kwa uso inatoa kishindo, pu. Dawa yake ni soksi ndefu ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya na kuwekwa kati ya mdomo na maiki, au kuigeuza maiki kidogo pembeni ili pumzi ipite na sauti ibaki. Ya pili ni ya bure na haileti maswali ya soksi ni ya nani.

Baada ya hapo likaja feni.

Programu ina njia ya kuondoa kelele, na inavyofanya kazi ni ya kuvutia. Unachagua sekunde moja mbili ambazo hakuna anayesema, kelele tupu. Programu inazichambua, inajua kelele hiyo ina nguvu kiasi gani katika kila mtetemo, kisha inapita faili zima ikipunguza panapofanana. Kwa sababu hiyo kila ninaporekodi huwaomba watu wote wakae kimya nusu dakika, nirekodi chumba peke yake. Wageni huona ni kama dua. Kwa kelele isiyobadilika, mathalani ule mvumo wa hezi 50 unaotoka kwenye chaja ya laptop nyumba isipokuwa na waya wa ardhini, njia hii inafaa sana, ingawa kuchomoa chaja na kutumia betri kunafaa zaidi. Kwa jogoo haifai hata kidogo, maana jogoo hafanani na alivyokuwa sekunde iliyopita, na sauti yake iko mulemule ilimo sauti ya mtu.

Feni linalozunguka kichwa liko katikati ya hao wawili. Mvumo wake hupanda likitugeukia na kushuka likitupa kisogo. Nikachukua sampuli ya mvumo, nikapunguza kwa desibeli 12. Lilibaki. Nikapunguza kwa 24. Likaondoka, na bibi akaondoka nalo. Sauti iliyobaki ilikuwa ya mtu aliyezamishwa mtungini: maneno yote yapo, yanasikika, lakini kila S imegeuka povu na kila mwisho wa sentensi unalia kama sarafu ndogo zinazodondoka mbali. Mkwaruzo mdogo wa koo lake, ule unaonifanya nijue ni yeye kabla hajamaliza neno la kwanza, programu iliuhesabu kuwa ni feni.

Na mimi nilikuwa nimenogewa na usafi. Nikaondoa pumzi zote alizovuta kati ya sentensi. Nikaondoa "ee" na "basi bwana". Nikaondoa adhana. Hii ya adhana ndiyo inayonisumbua. Katikati ya kisa, msikiti wa mtaani ukaadhini magharibi, bibi akakata neno, akanyamaza adhana nzima huku akiitikia taratibu kwa midomo, akamaliza kwa dua, akasema, "Enhe, tulikuwa mtoni." Kwenye skrini ilikuwa dakika tatu na kitu zisizo na kisa. Nikazifuta, nikaunganisha sehemu mbili kwa ustadi mkubwa: nikatafuta mahali wimbi linapovuka mstari wa sifuri ili pasilie tk, nikapishanisha kingo kwa sehemu chache za elfu za sekunde. Hakuna sikio lingegundua. Nikawasikilizisha nyumbani. Mama, ambaye ni mtoto wake, alisikiliza dakika tano akaondoa hedifoni. "Anasoma mahali?" akaniuliza. "Mbona havuti pumzi?"

Zamani makosa ya namna hii yaligharimu jasho, kwa hiyo watu waliyafanya machache. Kabla ya studio za watu binafsi kushamiri, bendi zetu nyingi za dansi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Wanamuziki chumba kimoja, wakipiga pamoja toka mwanzo hadi mwisho, na aliyekosea amewarudisha wote mwanzo. Kuhariri tepu ya rili kulikuwa ni wembe na utepe wa kunata. Tepu ikienda kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, pumzi ya nusu sekunde ni kipande cha sentimita tisa na nusu; unakikata mshazari, unakishika mkononi, unakitazama. Fundi aliyekuwa na vipande mia vya pumzi za mtu sakafuni mwake bila shaka angejiuliza anafanya nini. Mimi nilibonyeza kitufe, na sakafu yangu ilikuwa safi.

Nilirudi kwenye faili la asili. Kwa bahati nilikuwa nalo, na kuwa nalo kulitokana na msiba mwingine. Mwaka mmoja kabla, laptop iligoma kuwaka, nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo. Akaitengeneza vizuri sana, na katika kuitengeneza akafuta diski nzima bila kuniuliza. Sauti kumi na nne za wazee zikapotea, watatu kati yao wakiwa wameshafariki. Hapo ndipo nilipojifunza kutokubali faili likae mahali pamoja. Sasa kila rekodi inakaa sehemu tatu: kwenye laptop, kwenye diski ya nje ndani ya kabati, na kwenye diski ya pili nyumbani kwa dada yangu Mbagala, na faili la asili haliguswi, huhaririwa nakala. Linahifadhiwa kama WAV, ambayo kwa biti 16 na njia mbili hula megabaiti kumi na ushee kwa dakika. MP3 ya kilobiti 128 hula kama megabaiti moja tu kwa dakika hiyohiyo, lakini inapata wepesi huo kwa kutupa vitu inavyodhani sikio halitavisikia. Nimeshaona jinsi programu inavyodhani.

Safari ya pili nilihariri kidogo. J tatu niliziondoa, kwa kuwa ziliangukia kwenye kimya. Ya nne imepanda juu ya jina la mto, nikaiacha. Pumzi zilirudi. "Basi bwana" zikarudi karibu zote. Feni nililipunguza kwa desibeli sita, likabaki linasikika kwa nyuma pamoja na tk-tk yake. Adhana niliirudisha nzima, na katikati yake, ukiongeza sauti, unasikia midomo ya bibi.

Faili likatoka saa moja na dakika kumi na mbili. Nilimtumia mtoto wa mjomba aliye Muscat, nikalituma kama hati ili WhatsApp isilikamue. Huyu ndiye aliyekuwa akilala chumba hiki kabla yangu. Aliposafiri aliniachia kitanda, meza na funguo. Siku mbili kimya. Siku ya tatu, Ijumaa, ikaingia sauti yake ya sekunde tisa. Nikadhani ataniambia habari za bibi, au za babu yetu na mkonge. Alikuwa akicheka.

"We bwana," akasema, "hilo feni langu hujalitia mafuta mpaka leo?"